Jirani Anangoja Getini

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na mwanasaikolojia Simone Schnall, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo halikuhitaji maabara. Watu walisimamishwa chini ya kilima wakiwa na mabegi mazito mgongoni, wakatakiwa wakadirie kilima kile kimeinuka kiasi gani. Baadhi walisimama peke yao. Wengine walisimama na rafiki ubavuni. Waliokuwa na rafiki walikiona kilima kimelala kidogo kuliko walivyokiona wale waliosimama peke yao, na kadiri urafiki ulivyokuwa wa miaka mingi, ndivyo kilima kilivyozidi kuonekana cha kupandika.

Jaribio lile linahusu kitu ambacho mamilioni ya watu wanakihitaji leo: njia ya kupunguza uzito wa mawazo bila kwenda mbali na bila kulipa. Mazungumzo haya yanahusu matembezi ya watu wawili. Si mbio wala klabu ya mazoezi yenye ada ya kila mwezi. Ni watu wawili wanaoelewana, wenye siku zao na saa yao, wanaotoka kutembea na kurudi nyumbani.

Hali yenyewe haifichiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 332 duniani wanaishi na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na hata hamu ya kuongea. Mwaka 2025 tume ya shirika hilohilo ilitoa ripoti juu ya upweke, ikasema mtu 1 katika kila 6 duniani anaathirika nao. Nchini Kenya, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na ni maradhi machache yanayofichwa kama haya. Mtu mwenye malaria huomba ruhusa kazini bila aibu. Mwenye sonona husema ana uchovu tu, kisha hujifungia ndani.

Kujifungia ndani ndiko kunakouongezea ugonjwa nguvu. Aliyeelemewa huacha kutoka, na asipotoka hukosa jua, mwendo na watu. Akikosa hivyo, usingizi unaharibika, mwili unalegea, na kesho yake kutoka kunakuwa kugumu zaidi. Mduara huo ndio matembezi yanaoukata, na yanaukata mahali pengi kwa wakati mmoja.

Tuanze na mwili. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti juu ya watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa na sonona. Waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa dawa ya sonona. La pili lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, kutembea kwa kasi au kukimbia polepole kwa dakika 30. La tatu lilipata vyote viwili. Dawa ilianza kuleta nafuu mapema zaidi, lakini wiki 16 zilipokwisha, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Wagonjwa wale walipofuatiliwa baada ya miezi mingine sita, waliopona kwa mazoezi hawakurudiwa na ugonjwa kwa wingi kama waliopona kwa dawa. Kuna jambo moja la kuzingatia hapo: mazoezi yale yalifanywa kwa pamoja, chini ya msimamizi. Haikuwa rahisi kusema ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na miguu na kiasi gani kilitokana na kukutana na wenzao mara tatu kila wiki.

Kipimo kinachotakiwa si kikubwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikusanya tafiti 15 zilizofuatilia zaidi ya watu 190,000. Waliokuwa na mwendo unaolingana na saa moja na robo ya kutembea kwa kasi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya kupata sonona, pungufu kwa asilimia 18, ukiwalinganisha na wasiojishughulisha kabisa. Waliofika saa mbili na nusu walikuwa pungufu kwa asilimia 25. Saa moja na robo ni matembezi matatu ya dakika 25. Kwa wengi wa mijini, huo ni mwendo wa kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala cha pili badala ya cha kwanza, na kurudi.

Na kasi? Wataalamu wa mazoezi wana kipimo kisichohitaji saa ya mkononi: anayetembea aweze kuongea sentensi nzima bila kukatikiwa na pumzi, lakini asiweze kuimba. Anayetembea peke yake hana jinsi nyepesi ya kujua. Wanaotembea wawili wanajua tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wanaongea.

Ndani ya kichwa nako mambo hutokea. Kirk Erickson na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2011 nchini Marekani, waliwatembeza wazee dakika 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambayo kwa kawaida husinyaa kadiri umri unavyokwenda, iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2 hivi. Wale waliopewa mazoezi ya kujinyoosha tu, yao iliendelea kupungua. Mwaka 2015 Gregory Bratman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwatuma watu 38 kutembea dakika 90. Nusu yao walipita penye nyasi na miti, nusu wakapita kando ya barabara kubwa yenye magari. Waliopita kwenye miti walirudi wakiwa wamepunguza ile tabia ya kuzungusha wazo baya kichwani, na picha za ubongo zilionyesha utulivu katika sehemu inayohusishwa na tabia hiyo. Waliopita barabarani hawakupata badiliko hilo.

Kwa sababu hiyo, njia anayopita mtu ina maana yake. Anayeishi Nairobi ana Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, msitu ambao mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa kuutetea mwaka 1999 ulipokuwa ukigawiwa wajenzi. Leo, mwisho wa wiki, njia zake za udongo zina watu wawili wawili tangu asubuhi. Mombasa ina ufukwe wa Mama Ngina, ambako jioni watu hutoka kupunga upepo. Familia huketi juu ya ukuta wakila mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, meli zikipita karibu kuelekea bandari ya Kilindini, na katikati ya watu hao utawaona wazee wawili wenye kofia za viua na bakora wakienda na kurudi, wakisimama kila mmoja anapotaka kusisitiza neno. Hakuna aliyewaandikia matembezi hayo kwenye cheti. Wamezoea tu, na mazoea hayo yanastahili kulindwa kama ufukwe wenyewe unavyolindwa.

Sasa tumfikie mwenzi wa kutembea naye. Sarah Hanson na Andy Jones wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, walipitia mwaka 2015 tafiti 42 juu ya vikundi vya kutembea, zenye washiriki 1,843 kutoka nchi 14. Shinikizo la damu lilishuka, mapigo ya moyo yalitulia, mafuta ya mwili yalipungua, na alama za sonona zilishuka pia. Lakini huenda jambo lenye uzito zaidi katika kazi yao ni kwamba wengi wa washiriki hawakuacha. Robo tatu hivi waliendelea, ilhali mazoezi ni jambo ambalo watu huanza Januari na kulikatia tamaa Februari.

Kwa nini hawaachi? Jibu linaonekana kila alfajiri katika mitaa ya Dar es Salaam. Bado kuna kagiza, muuza maandazi ndiyo kwanza anawasha moto. Mwanamke mmoja, kanga kiunoni na raba miguuni, anasimama kwenye geti la nyumba ya tatu na kuita kwa sauti ya chini.

"Jirani, uko tayari?"

"Leo sijisikii, jirani. Tangulia tu."

"Nitangulie na nani? Vaa viatu, mimi nakungoja hapahapa."

Dakika tano baadaye wanatoka wawili. Yule wa ndani hakuamshwa na hamu ya mazoezi, maana hamu hiyo sonona huila kabla ya vyote. Ameamshwa na haya ya kumwacha mwenzake amesimama nje. Mtu anayejiahidi mwenyewe hujisamehe upesi, akajiambia ataanza kesho. Ahadi aliyompa jirani haivunjiki kirahisi hivyo, hasa katika jamii zetu ambamo kumngojesha mtu mlangoni ni kukosa adabu. Katika siku mbaya, adabu hiyo humfikisha mtu barabarani wakati ambapo nia yake pekee isingeweza.

Wakishaanza kutembea, mdomo nao hufunguka. Kukaa uso kwa uso kuna uzito wake: macho yanatazamana, kimya kinaonekana kama kosa, na machozi hayana pa kujificha. Wanaotembea bega kwa bega wote wanatazama mbele. Kimya cha hatua mia mbili hakimsumbui yeyote. Anayetaka kusema jambo zito anaweza kulisema akiwa anaangalia shimo la kuruka, na akimaliza hana haja ya kutazama uso wa mwenziwe ili ajue ameeleweka. Wanaume hasa wanafaidika na hilo. Mvulana aliyelelewa akiambiwa mwanamume halii hawezi kuketi kitini akiwa mtu mzima na kusema amechoka na maisha. Njiani, kati ya habari za mpira na bei ya mafuta, neno hilo huweza kumtoka.

Kusikilizwa na mtu wa kawaida ni tiba yenye ushahidi wake. Nchini Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, mjini Harare, kuwafunza bibi wa mitaani namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kupanga hatua ya kutatua tatizo moja. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, baada ya miezi sita asilimia 14 tu ya waliokaa na bibi hao walikuwa bado na dalili za sonona, wakati miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida dalili zilikuwa kwa nusu yao. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Bibi hao si madaktari. Wana mafunzo, wana subira, na wanarudi siku waliyosema watarudi.

Lakini maongezi yana hatari yake pia, na inafaa isemwe wazi. Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, amechunguza kwa miaka mingi marafiki vijana wanaorudia tatizo lilelile kila wanapokutana. Aligundua kuwa urafiki wao hushikana zaidi, ila kwa wasichana dalili za sonona na wasiwasi nazo huongezeka. Kulisema jambo kunasaidia. Kulikoroga kila siku bila kutafuta njia kunaumiza. Hapo matembezi yana faida ndogo ambayo kiti hakina: yana mwisho. Marafiki wanaweza kupatana kwamba wakati wa kwenda ni wa kutoa dukuduku, na wakishageuza njia wanaongelea kitu kimoja kinachoweza kufanywa wiki hii, au wanaongelea mambo mengine kabisa. Na wapatane tangu siku ya kwanza kuhusu siri. Yaliyosemwa njiani yakisikika saluni au kijiweni, matembezi yamekwisha na rafiki ameumizwa mara mbili.

Mifano ya wazo hili kukua na kuwa harakati ipo. Mwaka 1995 daktari William Bird, katika kijiji cha Sonning Common kusini mwa Uingereza, alianza kuwakusanya wagonjwa wake watembee pamoja, na matembezi hayo yakawa chanzo cha mpango ulioenea Uingereza nzima. Nchini Marekani marafiki wawili, T. Morgan Dixon na Vanessa Garrison, waliasisi GirlTrek, wakiwaita wanawake weusi watoke nje watembee dakika 30 kila siku, mfano wao akiwa Harriet Tubman aliyetembea usiku kujikomboa utumwani na kuwakomboa wenziwe. Zaidi ya wanawake milioni moja wameitikia. Korona ilipofunga watu majumbani mwaka 2020, waliendelea kwa simu: kila mmoja mtaani kwake, wote wakisikiliza mazungumzo mamoja wakitembea. Dada anayefanya kazi Muscat au Dubai na shoga yake aliyebaki Tanga wanaweza kufanya vivyo hivyo kesho, kwa sauti ya simu tu, wakiangalia tofauti ya saa.

Kigali imekwenda hatua nyingine. Tangu Mei 2016 serikali ya jiji hufunga barabara kadhaa kwa magari katika Jumapili maalumu, watu wakatembea na kukimbia katikati ya lami, na pembeni yao wahudumu wa afya wanapima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Mtu huenda kwa sababu ya wenzake, akarudi akijua hali ya moyo wake.

Hapo ndipo lawama inapowafikia wenye mamlaka kwingineko. Nairobi, zaidi ya safari 4 katika kila 10 hufanywa kwa miguu. Watu wanatoka mitaa ya mabanda ya Mukuru na Kibera kwenda viwandani na majumbani mwa watu, kwa sababu nauli haipo. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itumike kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Hata hivyo anayetembea bado anagombania njia na bodaboda, vibanda na mitaro iliyoachwa wazi, na mwanamke anayetoka saa kumi na moja alfajiri bado anapiga hesabu ya mwanga kabla ya kuchagua uchochoro. Njia ya miguu yenye taa ni huduma ya afya, na mkazi ana haki ya kuidai kwa diwani wake kama anavyodai dawa zahanati.

Wanaotembea kwa lazima wasidhani mazungumzo haya hayawahusu. Mwendo tayari wanao. Kinachoweza kuongezwa ni mwenzi: kungojana kwenye kona moja kila asubuhi, kwenda pamoja, na kuulizana zaidi ya salamu. Wawili pia ni salama zaidi kuliko mmoja.

Kuna mahali matembezi hayafiki. Mwenzi akisema hataki kuishi, akisikia sauti wasizozisikia wengine, akiacha kula au kulala siku kadhaa, hapo anahitaji mtaalamu, na haraka. Woga wa sheria umekuwa ukiwazuia wengi kusema. Ndiyo maana uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa Januari 2025, kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba, ni wa maana sana kwa familia nyingi. Rafiki wa matembezi ana nafasi ya kuziona dalili hizo mapema, kwa kuwa anamwona mtu yuleyule kila wiki na anajua mwendo wake wa kawaida. Anaweza kumsindikiza hospitali na kukaa naye kwenye foleni. Na mwenye dawa aliyoandikiwa asiiache kwa sababu ameanza kutembea, mpaka aongee na daktari wake.

Anayetaka kuanza wiki hii achague mtu mmoja anayemwamini na anayeishi karibu, au aliye mbali lakini ana simu. Wataje siku tatu na saa moja isiyobadilika, na njia fupi, dakika 25, yenye miti kama ipo na watu kama ni alfajiri. Simu ziwe mfukoni. Atakayeshindwa kuja apige mapema na ataje siku ya kufidia hapohapo. Mvua ikinyesha, watembee kwenye baraza ya soko au ndani ya uwanja wa shule. Mwezi ukiisha, waulizane jinsi kila mmoja anavyolala, anavyokula na anavyoamka, kisha waamue kama wataongeza siku ya nne.